Nani Atamlipa Mtafiti wa Saratani ya Damu kwa Miaka 30?

Mwaka 1964 yalitokea mambo mawili ambayo wakati huo hakuna aliyeyaona kuwa na udugu. Mjini Prague, wanakemia wa Czechoslovakia walitengeneza molekuli inayoiga kijenzi kimojawapo cha maandishi ya kurithi yaliyomo ndani ya seli. Molekuli hiyo tunaiita azasitidini. Mjini London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza katika jarida la Lancet kwamba wameona virusi, kwa hadubini ya elektroni, ndani ya seli za uvimbe wa mtoto kutoka Uganda. Kipande cha uvimbe huo kilipakiwa kwenye ndege Entebbe Desemba 1963. Ukungu wa London ukailazimisha ndege kutua Manchester, na kilipofika maabara hatimaye, maji kilimohifadhiwa yalikuwa yamechafuka. Mwingine angedhani kimeoza akakimwaga. Epstein alitia tone chini ya hadubini, akakuta seli hai zinaelea.

Molekuli ya Prague na virusi vya Entebbe vilikutanishwa mwaka 1989, Stockholm. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska walichukua seli za limfoma ya Burkitt, saratani ya seli nyeupe za damu aliyokuwa nayo mtoto yule, zenye virusi vile, vilivyopewa jina la Epstein-Barr, wakazitilia azasitidini, na jeni za virusi zilizokuwa kimya zikaanza kufanya kazi. Kumbe virusi havikuwa vimekufa wala kupungukiwa na chochote. Vilikuwa vimefungiwa.

Angalia miji niliyoitaja. Kampala imo kwenye simulizi hii kama mahali pa kukatia kipande. Hilo limeshasemwa sana, na kwa hasira, na mara nyingi tunaishia hapo: walichukua vyetu, wakapata majina. Mimi naona lawama hiyo inatupumzisha mapema mno. Kuna swali gumu zaidi ambalo halihusu wazungu. Kazi ya mwanasayansi wa saratani ya damu hupimwa kwa miongo, na sisi Uganda, tukizungumzia utafiti, tunazungumzia majengo, mashine na vijana wanaokimbilia ng'ambo. Muda hatuuzungumzii. Hakuna mahali katika bajeti zetu palipoandikwa: mtu huyu alipwe mpaka astaafu, akae na swali hili moja.

Mtazame Peter Jones. Alizaliwa Cape Town, akakulia na kusomea Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, akachukua shahada ya uzamivu London, kisha akahamia Los Angeles. Miaka ya 1970 azasitidini ilijulikana kama sumu mojawapo ya kuulia seli za lukemia, yaani saratani ya damu, yenye kuwatapisha wagonjwa vibaya. Jones na wenzake waliitia kwenye seli za panya zilizooteshwa maabara, na baada ya siku kadhaa wakaona jambo la ajabu: baadhi ya seli zilikuwa zimegeuka misuli, zinajikunja zenyewe kwenye sahani. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 1977. Mtafiti mwenye mkataba wa mwaka mmoja na nusu na ripoti ya mfadhili inayomsubiri angeiosha ile sahani, kwa sababu mradi wake haukuwa wa kutengeneza misuli. Jones alibaki na lile swali. Mwaka 1980, pamoja na Shirley Taylor, alionyesha kinachotokea: dawa hiyo inazuia seli kuweka alama ndogo za kikemia, alama za methili, juu ya DNA yake.

Hapa inafaa kueleza, maana ndipo ulipo moyo wa epijenetiki, elimu ya namna jeni zinavyofungwa na kufunguliwa. Karibu kila seli ya mwili wako, ya ini au ya ngozi, ina DNA ileile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi ziko wazi na zipi zimefungwa. Fikiria maduka ya Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala, alfajiri: bidhaa zote zimo ndani, ila biashara ya siku itategemea ni milango ipi imefunguliwa. Alama za methili ni mojawapo ya kufuli hizo. Saratani, tuliyozoea kuieleza kama maandishi yaliyoharibika, mara nyingi ni pia maandishi mazima yaliyofungiwa mahali pasipostahili au kufunguliwa pasipostahili. Mwaka 1983 Andrew Feinberg na Bert Vogelstein, huko Baltimore, walionyesha kwamba DNA ya uvimbe wa binadamu ina alama hizo pungufu kuliko tishu ya kawaida iliyo jirani nayo. Wengine, Stephen Baylin akiwa mbele yao, wakaonyesha upande wa pili: jeni zinazopaswa kuizuia saratani zimefungwa.

Tofauti ya maandishi yaliyochanika na mlango uliofungwa ina maana kubwa kwa mgonjwa. Kilichochanika ni vigumu kukishona. Kufuli hufunguliwa.

Hata hivyo kutoka sahani ya Jones hadi kitandani kwa mgonjwa bado ilichukua zaidi ya miaka 20. Ilibidi madaktari wajifunze kutumia kipimo kidogo cha dawa waliyozoea kuitoa kwa wingi. Ilibidi pia wakubali kwamba haifanyi kazi haraka. Azasitidini huingia ndani ya DNA mpya wakati seli inagawanyika, ikakinasa kimeng'enya kinachoweka alama, na alama hupungua kizazi kwa kizazi cha seli. Kwa hiyo mgonjwa hupigwa sindano siku 7 katika kila siku 28, na daktari husubiri mizunguko 4 hadi 6 kabla ya kuamua kama imefaa. Kibali cha Marekani kilitoka mwaka 2004, kwa magonjwa ya uboho yanayotangulia lukemia. Mwaka 2009 majaribio makubwa yalionyesha kwamba wagonjwa wa hatari kubwa waliopewa azasitidini waliishi miezi 24.5 kwa wastani wa katikati, wenzao waliopewa tiba za kawaida miezi 15.

Tangu Prague hadi kibali: miaka 40. Jones mwenyewe aliuona mzunguko mzima kwa sababu alikuwa na ajira iliyomvumilia.

Mfano wa pili nimeuchagua kwa kuwa unawakwaza wale wanaosema hatuwezi lolote bila mashine za mabilioni. Janet Rowley, daktari wa Chicago, mama wa watoto wanne wa kiume, alikuwa akifanya kazi siku tatu kwa wiki. Alipoomba nafasi chuoni alitaka hadubini, chumba cha giza cha kusafishia picha, na mshahara utakaomtosha kumlipa yaya. Akapewa. Picha za kromosomu alizikata kwa mkasi na kuzipanga juu ya meza ya chakula nyumbani kwake, watoto wakimtania kwamba anacheza na vikaragosi vya karatasi. Mwaka 1973 alieleza kwamba ile kromosomu fupi ya wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi, iliyogunduliwa Philadelphia mwaka 1960, inatokana na kromosomu namba 9 na namba 22 kubadilishana vipande. Kabla ya hapo wengi waliamini kasoro za kromosomu ni matokeo ya saratani. Yeye akasema, na miaka ikampa haki, kwamba zinaweza kuwa chanzo.

Mkasi na meza. Na zaidi ya miaka 10 ya kutazama picha kabla ya jibu la kwanza kubwa.

Kutoka meza ile ndiko ilikotoka imatinibu, kidonge kilichopata kibali mwaka 2001 na kuigeuza lukemia hiyo kuwa ugonjwa wa kuishi nao. Wagonjwa wa Kampala wamekipata bure kwa miaka mingi kupitia mpango wa msaada wa mtengenezaji. Na kipimo cha kufuatilia kama kidonge kinafanya kazi, kile cha BCR-ABL, jeni iliyozaliwa na kubadilishana kule kwa vipande, kina katriji yake kwenye mashine ya GeneXpert, ileile iliyosambazwa Afrika kwa ajili ya kifua kikuu. Nalitaja hili kwa wanaosema utafiti wa kina ni anasa ya matajiri. Mwuza nyanya wa Nakawa mwenye lukemia sugu haijui kromosomu namba 22, wala hana haja ya kuijua, lakini anaamka asubuhi kwa sababu kuna mtu aliyelipwa miaka mingi aikodolee macho.

Sasa turudi Mulago, hospitali kuu ya Kampala, kwa sababu si kweli kwamba hatukuwahi kuwa na kazi ya namna hii.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji, alichapisha mwaka 1958 taarifa ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kilomita zipatazo 16,000, hospitali kwa hospitali, wakiuliza wapi uvimbe huo upo na wapi haupo. Ramani waliyopata ilifuata joto na mvua, kama malaria. Mwaka 1967 Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani zikafungua kituo cha kutibu limfoma pale Mulago, John Ziegler akiwa mkurugenzi wa kwanza. Watoto waliokuwa wakija kufa wakaanza kurudi nyumbani. Mwaka 1972 tuzo ya Lasker, ambayo kwa watabibu inakaribia Nobel kwa heshima, ilitolewa kwa kundi la waanzilishi wa tiba ya kemikali. Burkitt na Ziegler walikuwamo kwa kazi ya Kampala, pamoja na Victor Anomah Ngu wa Cameroon.

Mwaka huohuo Idi Amin aliwafukuza Waasia, na wageni wengine wakafungasha. Charles Olweny, Mganda aliyesomea Makerere, akaachiwa taasisi. Sehemu hii ya historia inanivutia kuliko safari ya Burkitt, na naona imesimuliwa kidogo mno. Olweny na wauguzi wake waliendelea kutibu, kufuatilia wagonjwa na kuchapisha matokeo, dawa zikiwa za kubahatisha na nchi ikiwa mikononi mwa wanajeshi. Wakati huohuo huko West Nile kulikuwa kukifanyika jambo ambalo leo lingeitwa wazimu: watafiti, chini ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao Lyon, walikusanya damu ya watoto wapatao 42,000 na kusubiri. Walitaka kujua kama watoto watakaougua walikuwa tayari na dalili za virusi kwenye damu kabla ya uvimbe. Matokeo ya mwaka 1978 yalisema ndiyo: waliokuwa na kingamwili nyingi mno dhidi ya virusi vya Epstein-Barr walikuwa kwenye hatari takriban mara 30.

Utafiti ule haukuhitaji mashine ya ajabu. Ulihitaji majokofu, daftari, na watu waliobaki kazini wakati kubaki kulikuwa na gharama. Ulihitaji pia Hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, ambako Ted Williams alikuwa ameandika rekodi za wagonjwa mwaka baada ya mwaka bila kujua nani atazitumia.

Olweny naye aliondoka miaka ya 1980. Akafanya kazi ughaibuni, Australia na Canada, na aliporudi kukaa nchini alikuja kuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs, Nkozi. Uongozi wa chuo ni kazi ya heshima. Lakini ile mikono iliyojua limfoma ya watoto wa Uganda kuliko karibu mtu yeyote duniani ilikuwa imepotezwa kwa Mulago, na hakuna aliyekaa chini kuhesabu hasara. Edward Katongole-Mbidde aliipokea taasisi pamoja na janga la UKIMWI na wimbi la sarkoma ya Kaposi. Jackson Orem aliipokea mwaka 2004, nchi ikiwa karibu haina madaktari bingwa wa saratani. Kila mmoja wao alilazimika kuwa mganga, meneja, mwombaji wa fedha na mtafiti kwa pamoja, na utafiti ndio uliongoja jioni.

Kwa hiyo jeni za virusi zilipoamshwa Stockholm mwaka 1989, hapa hapakuwa na mtu mwenye nafasi ya kulipokea jibu hilo na kulisukuma mbele, ingawa ugonjwa ulikuwa wodini kwake.

Na jibu lenyewe ni tamu kwa mwanasayansi. Virusi vya Epstein-Barr vinapoingia kwenye seli nyeupe ya damu, vinaweza kuzifunga karibu jeni zake zote kwa alama za methili, vikabakiza hasa protini moja, EBNA1, ambayo kinga ya mwili huiona kwa shida. Yaani vinajificha kwa kufuli zilezile ambazo seli yetu hutumia. Malaria ya mara kwa mara huzichokoza seli hizo zigawanyike na kukosea, mpaka siku jeni ya MYC, inayoichochea seli igawanyike, inapohamishiwa mahali inapowashwa bila kuzimwa. Ugonjwa ukienea hadi kwenye uboho, daktari huuita lukemia ya Burkitt. Ugonjwa wa taya uliosafirishwa kutoka Entebbe, kwa maneno mengine, ni mfano bora wa saratani ya epijenetiki, na uko hapa Kampala, Gulu na Arua, si Boston.

Ndiyo maana siafikiani na wale wanaotaka tuige programu za Marekani na Ulaya kama zilivyo. Wenzetu wamejenga epijenetiki ya lukemia juu ya wazee. Mabadiliko ya jeni kama DNMT3A, inayotengeneza kimeng'enya cha kuweka alama za methili, yaliyoripotiwa mwaka 2010 kwa zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya watano wa lukemia kali ya mieloidi, ni ya watu wazima, na huongezeka kadiri uboho unavyozeeka. Sensa yetu ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9, karibu nusu yao chini ya miaka 18. Nchi ya watoto haianzi na ugonjwa wa wazee. Sisi tuna virusi: Epstein-Barr, virusi vya sarkoma ya Kaposi, VVU. Tuna malaria. Tuna lukemia ya watoto inayofika wodini ikiwa imechelewa, kwa kuwa homa na upungufu wa damu vimetibiwa kama malaria mara mbili tatu kijijini. Swali la namna maambukizi yanavyofunga na kufungua jeni za seli za damu ya mtoto ni letu kwa haki zote. Anayelichukua tukiwa tunatazama hatakuwa ametuibia.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Msomaji atauliza: nchi ambayo mama anajifungulia sakafuni inahitaji epijenetiki ya nini? Mgonjwa wa lukemia kali Mulago hafi kwa kukosa nadharia. Anakufa kwa kukosa chembe sahani, zile chembe za damu zinazozuia kutokwa damu. Benki ya damu ya Nakasero hutegemea sana wanafunzi wa sekondari kuchangia, na shule zikifungwa damu hupungua. Tiba ya lukemia haina likizo. Azasitidini yenyewe, ambayo siku hizi hutengenezwa na viwanda vingi bila hataza, ina ule mtego wake wa siku 7 kila mwezi. Mgonjwa wa Arua atapanda basi la usiku mara sita kabla ya kuambiwa kama dawa inamfaa, na kila safari ni siku 7 za malazi na chakula Kampala. Anayefanya hesabu hiyo kwa mfuko wa mkulima ataona jibu mara moja. Vituo vya kanda, Mbarara na Gulu, vina uzito kuliko mjadala wowote wa alama za methili.

Nakubali yote hayo, na bado nasema pingamizi linakosea mahali pamoja. Linadhani mtafiti ni mtu mwingine, tofauti na anayehangaikia chembe sahani. Historia ya Mulago inasema vinginevyo. Kituo cha 1967 kiliwatibu watoto vizuri kwa sababu kilikuwa kituo cha utafiti: kila mtoto alipimwa sawasawa, aliandikwa, alifuatwa hadi kijijini asipoonekana. Wodi yenye swali huwa na mafaili. Wodi yenye mafaili hujua wangapi walikufa kwa kutokwa damu na wangapi kwa maambukizi, na ikienda Nakasero kudai damu huenda na ushahidi. Rejista ya saratani ya Kampala iliyoanza miaka ya 1950 ni mtoto wa fikra hiyo, na mpaka leo takwimu zake ndizo dunia inazozitumia kuielezea saratani ya Afrika Mashariki. Wenye haraka huiona kama ukarani tu.

Fedha, basi. Jengo la ushirikiano wa Taasisi ya Saratani ya Uganda na kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle lilifunguliwa mwaka 2015, na ni jengo zuri. Mwaka 2016 bunge likaipa taasisi sheria yake. Mwaka huohuo mashine pekee ya mionzi nchini, iliyonunuliwa mwaka 1995, iliharibika moja kwa moja, na nyingine ikazinduliwa Januari 2018. Ukitaka kujua tatizo letu la muda, soma miaka hiyo mitatu tena. Tunajua kuzindua. Kati ya uzinduzi na uzinduzi hakuna mtu mwenye kazi ya kuhakikisha kitu kinaendelea kuishi.

Utafiti umeishi kwa fedha za nje, na Mei 2025 tulionjeshwa maana yake. Taasisi za afya za Marekani, NIH, zilitangaza kwamba hazitatoa tena ruzuku ndogo zinazopitia vyuo vya kwao kwenda kwa washirika wa nje, mpaka uwekwe mfumo mpya wa kuzifuatilia. Tangazo moja Bethesda, na mtu wa maabara Kampala hajui mshahara wake wa mwaka ujao. Sioni ubaya wa Wamarekani kupanga fedha zao. Nashangaa kwamba sisi tuliiita hali ile ushirikiano kwa miongo bila kuwa na hata nafasi chache za kudumu tunazozilipa wenyewe.

Isidhaniwe kwamba serikali haikujaribu. Mwaka 2022 mishahara ya wanasayansi na madaktari wa umma ilipandishwa sana, hadi walimu wa masomo ya sanaa wakagoma wakidai yao. Nyongeza ile ilikuwa ya haki kwa daktari. Kwa mtafiti haikugusa kinachomwondoa. Hakuna mtu anayeacha swali la lukemia kwa sababu ya mshahara peke yake. Analiacha kwa sababu vitendanishi vimekwama forodhani, umeme umekatika na jenereta halina mafuta, sampuli za miaka mitano zimeyeyuka, na hakuna anayewajibika. Mshahara mkubwa juu ya jokofu lililozimika unamlipa mtu akae bure.

Kuhusu wanaoondoka, nina la kusema pia. Sam Mbulaiteye, daktari wa Uganda aliyesomea Makerere, amefanya kazi yake ya utafiti katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, iliyoko Maryland, na kutoka huko ameongoza EMBLEM, utafiti wa limfoma ya Burkitt kwa watoto wa Uganda, Tanzania na Kenya. Hospitali za kaskazini zilishiriki, Lacor mojawapo, na Kuluva ileile ya Ted Williams. Huyu hakuikimbia nchi. Ameirudia kwa swali. Lakini kalamu inayoamua utafiti uendelee au usimame haiko Lacor. Kijana anayemaliza udaktari Makerere akitazama njia hiyo anajifunza jambo moja lililo wazi: ukitaka miaka 20 na Burkitt, kaishi Maryland.

Ningekuwa na sauti mezani, nisingeomba mashine ya kusoma jenomu. Ningeomba nafasi kumi za ajira, si zaidi, zilizofungwa kwa sheria ya fedha ili waziri ajaye asizihamishie kwenye semina. Watafiti watatu wa damu na epijenetiki wenye mikataba ya miaka 15, wakipimwa kila mwaka wa tano. Wataalamu wanne wa maabara, wenye ngazi ya kupanda cheo wakiwa maabara, maana kwa sasa fundi hodari hupanda cheo kwa kuiacha hadubini. Mtunza kumbukumbu mmoja aliyesomea takwimu. Muuguzi wa kufuatilia wagonjwa. Na mhandisi wa majokofu, ambaye ningempa mshahara wa profesa bila aibu.

Kazi ya kwanza ya kundi hilo ningeitoa kwenye masanduku yaliyopo tayari. Vipande vya uvimbe vilivyozamishwa ndani ya nta hukaa miaka mingi vikiwa na DNA inayosomeka, na alama za methili hubaki juu yake. Idara za patholojia huvihifadhi kwa kawaida ya kazi, mtoto kwa mtoto, pamoja na karatasi inayosema katoka wilaya gani na alikuwa na umri gani. Kupanga vipande hivyo, kuvilinganisha na rejista ya saratani, kuona ni watoto gani walipona kwa dawa tatu za kawaida na ni gani hawakupona, kisha kuuliza kama kufuli zilikuwa tofauti: hiyo ni kazi ya miaka sita hivi kwa watu wenye subira. Miaka miwili ya kwanza haitatoa makala yoyote, na kwenye ripoti ya wizara itaandikwa kwamba fedha zilitumika kununua mafaili, nta na dizeli.